Nani Apunguze? Tabora na Hesabu ya Ukuaji

Mhadhara uliotolewa mjini Tabora

 

Mada niliyopewa, ukiitamka sokoni hapa mjini, utachekwa. Wapo wasomi, wengi wao wa Ulaya, wanaosema dunia imezalisha na kutumia kupita kiasi, na kwamba dawa yake ni kuupunguza uchumi wenyewe, maana kuukuza kwa mitambo iliyo safi zaidi hakutoshi. Viwanda vitoe vitu vichache, watu wanunue vichache, saa za kazi zipungue, na kilichopo kigawanywe vizuri zaidi. Hoja hii si ya jana. Mwaka 1972 watafiti wa MIT kule Marekani, Donella Meadows na wenzake, walitoa kitabu juu ya mipaka ya ukuaji. Walikokotoa kwa kompyuta nini kitatokea ikiwa watu, viwanda na uchafu vitazidi kuongezeka katika dunia ambayo yenyewe haiongezeki. Walipingwa, wakadhihakiwa, lakini hoja haikufa.

Sasa nenda stendi ukamweleze hayo mama anayeuza karanga za kukaanga. Atakuuliza swali moja tu: apunguze nini? Mmarekani mmoja hutoa hewa ya ukaa ipatayo tani 14 kwa mwaka. Mtanzania hafikishi hata nusu tani. Dira ya Taifa ya 2050, iliyozinduliwa Dodoma Julai 2025, inataka uchumi wetu ufike dola trilioni moja na wastani wa pato la mtu ufike dola 7,000. Mtu aliye mbali na kiwango hicho huwezi kumhubiria kufunga mkanda. Kwa hiyo kama maana ya mada hii ni Mtanzania ale kidogo, mhadhara umekwisha, tukanywe chai.

Lakini nadhani Tabora ina la kusema juu ya jambo hili, pengine kuliko Paris. Mji huu ulijengwa na matumizi ya watu wa mbali. Mara mbili tatu umeona maana ya kuzalisha zaidi kila mwaka kwa ajili ya mlaji usiyemjua, na umeona kinachobaki mlaji huyo akishashiba.

Tuanze na pembe. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, yaani Tabora hii, Novemba 7, 1857, waliwakuta Waarabu wamekwisha kujenga tembe zao, wana bustani, wana maghala. Kutoka Bagamoyo hadi hapa ulikuwa mwendo wa miezi mitatu au zaidi. Kirangozi, kiongozi wa msafara, mbele, ngoma, bendera, halafu mstari wa mapagazi wa Kinyamwezi, kila mmoja na mzigo begani, wakilipwa kwa nguo na kulishwa kwa posho. Katika njia hiyohiyo walipita watu waliofungwa minyororo. Tusiisimulie njia hii kama hadithi ya safari tamu. Kwenda pwani mzigo mkuu ulikuwa pembe za ndovu. Kurudi bara ulikuwa nguo za merikani na kaniki, shanga, baruti na bunduki.

Pembe zilikwenda wapi? Nyingi zilipita Unguja zikavuka bahari hadi miji midogo ya Connecticut, Marekani, ambako viwanda viwili vya Deep River na Ivoryton vilizipasua kuwa vipande vyembamba vya vinanda, na nyingine zikawa vitana na mipira ya biliadi. Vipande vya vinanda vilianikwa kwa wiki nyingi katika nyumba za vioo ili jua living'arishe viwe vyeupe. Hebu fikirini hilo kidogo. Ndovu aliyeuawa Unyamwezi, pembe iliyobebwa begani kwa miezi, ikaishia kuanikwa juani Connecticut ili binti wa mfanyabiashara acheze muziki sebuleni. Nguo aliyolipwa pagazi ilifumwa Massachusetts, si mbali na hapo. Pande zote mbili za bahari biashara ilikua.

Na ilikua kwa kula mtaji wake. Mimba ya ndovu ni miezi 22, na ndama mmoja hukaa miaka mingi na mama yake. Hakuna aliyeweka miezi hiyo katika bei. Kilichohesabiwa ni mshahara wa pagazi, hongo ya watemi njiani, riba ya Mhindi wa Unguja aliyekopesha bidhaa. Ndovu mwenyewe alihesabiwa bure. Basi ndovu walipopungua Unyamwezi, biashara haikupungua; ilisogea. Katika miaka ya 1860 na 1870 wafanyabiashara walivuka Tanganyika wakaingia Manyema, na Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa na makazi hapa Tabora, alifika mbali hadi Mto Kongo. Tabora ikawa kituo cha kupitisha, baadaye hata hadhi hiyo ikapungua. Mtemi Mirambo na Waarabu walipigania njia, si ndovu, kwa sababu ndovu hawakuwapo tena wa kupigania. Mirambo alifariki 1884. Isike, mtemi wa Unyanyembe, aliangamia Januari 1893 katika vita na Wajerumani. Reli ilipofika mwaka 1912, pagazi naye hakuwa na kazi tena.

Somo la pembe lina upande wa pili, wa siku zetu. Kati ya mwaka 2009 na 2014 ndovu wa Tanzania walishuka kutoka kama 109,000 hadi kama 43,000. Soko lilikuwa Asia ya Mashariki. Doria ziliongezwa, watu walifungwa, na hayo yalisaidia. Lakini hatua moja nzito ilichukuliwa mbali na mbuga zetu: mwishoni mwa 2017 China ilifunga biashara ya pembe ndani ya nchi yake. Hapo aliyepunguza alikuwa mlaji. Hakuambiwa Mnyamwezi ale kidogo. Alizuiwa mnunuzi asinunue kile ambacho hakuna aliyekihitaji ili aishi. Nikisikia neno kupunguza, mfano huo ndio unaonijia kwanza.

Tuje Urambo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Waingereza walipungukiwa mafuta ya kula na majarini. Mwaka 1946 Frank Samuel wa United Africa Company alitoa wazo kwamba Tanganyika ilime karanga kwa matrekta. Serikali ya London ikalipokea: ekari zaidi ya milioni tatu zifyekwe, Kongwa, Nachingwea na Urambo. Kongwa udongo ulikauka ukawa kama saruji, mvua haikuja kwa ratiba ya wizara, mashine za mitumba ya vita zikavunjika. Mwaka 1951 mpango ulifutwa, umemeza pauni zipatazo milioni 36 za mlipa kodi wa Uingereza. Wakulima wadogo wa Unyamwezi walikuwa wakilima karanga kabla ya hapo na wanazilima mpaka leo, bila trekta hata moja la London. Sioni haja ya kuongeza neno.

Ila Urambo haikuachwa tupu. Ardhi iliyokwisha kufyekwa na watu waliokwisha kuletwa walipewa zao jingine: tumbaku ya mvuke. Hapo ndipo tulipo hadi sasa, na hapo nataka kukaa kidogo.

Wengi wenu mmelala nje ya bani la kukaushia tumbaku, kwa hiyo naongea na wajuzi. Majani yanachumwa kuanzia chini ya mche kwenda juu, yanafungwa kwenye fito, yanatundikwa ndani ya bani safu juu ya safu. Tanuru linawashwa. Siku za kwanza moto ni wa pole, jani ligeuke njano. Kisha moto unapandishwa, jani likauke. Mwisho unapandishwa zaidi, nyuzi 70 hivi, mpaka uti wa katikati ukatike kama kijiti. Kazi hiyo huchukua karibu wiki nzima, usiku na mchana. Anayechochea akisinzia, moto ukishuka, jani linapata madoa na daraja linaanguka. Moto ukipanda ghafla, bani linaweza kuungua na kila kilichomo. Ndiyo maana kijana wa darasa la saba hulala juu ya gunia mlangoni mwa tanuru, na rundo la kuni limemzidi urefu.

Sasa angalia risiti ya mkulima siku ya soko. Kuna mbolea aliyokopeshwa kupitia chama cha msingi, kuna dawa, kuna vifungashio, kuna makato, kuna ushuru wa halmashauri wa asilimia tatu. Kuni hazimo. Mtundu, myombo na mninga vilivyoungua katika tanuru vinahesabiwa bure, kama ndovu alivyohesabiwa bure. Bei inatajwa kwa dola, daraja linapangwa na mtu mwingine, na msitu hauna mstari wake katika karatasi ile. Ng'ambo ya bahari mvutaji anapata sigara ambayo bei yake haina msitu ndani.

Mtasema, lakini tuna mabani sanifu siku hizi, yanayotumia kuni chache, na mikataba inatutaka tupande miti. Kweli. Mabani hayo ni mazuri na walioyaleta wapongezwe. Lakini msimu wa 2022/23 Tanzania ilizalisha tumbaku zaidi ya tani 120,000, takribani mara mbili ya msimu uliotangulia. Kama bani jipya linaokoa theluthi ya kuni kwa kila kilo, nawe umezidisha kilo mara mbili, msitu umepata nini? Fanyeni hesabu hiyo, haihitaji shahada. Hapa ndipo wale wasomi wa Ulaya wanapokuwa na hoja ambayo sijaisikia ikijibiwa vizuri: ukitengeneza kitu kwa ufanisi zaidi bila kuweka kikomo, unachookoa kinaliwa na kuongezeka. Nasi tulilishangilia ongezeko lile kwenye redio.

Nisiwaonee wakulima. Tumbaku imeezeka bati nyumba ambazo zingekuwa za nyasi. Imelipa ada, imenunua pikipiki, imejenga zahanati kwa ushuru wa halmashauri. Anayekuja na gari la mradi kuwaambia watu wa Kaliua waache tumbaku, kisha anarudi Dar es Salaam kwa ndege, simpi muda wangu. Na asali, ambayo sisi watu wa Tabora tunajivunia, na ambayo nta yake imekuwa ikisafirishwa tangu enzi za Wajerumani, haitoi fedha za msimu mmoja kama tumbaku. Anayesema inatoa, anasema uongo au hajawahi kugonga mzinga. Kupunguza tumbaku maana yake ni fedha taslimu kupungua, walau kwa kipindi. Tuliseme hivyo, tusifiche.

Kupungukiwa tunakujua. Wenye umri wangu mnakumbuka miaka ya baada ya vita vya Kagera. Mafuta ya petroli yamepanda, Jumuiya ya Afrika Mashariki imevunjika, fedha za kigeni hakuna. Duka la kaya lina rafu na daftari, sukari haipo. Foleni ya sabuni ilianza alfajiri, na aliyechoka aliacha jiwe mahali pake. Nguo zilifuliwa kwa majani ya mpapai. Jumapili mchana magari binafsi yalikatazwa barabarani. Kwa takwimu, taifa lilipunguza matumizi kuliko mwanaharakati yeyote wa Ulaya anavyoweza kuota. Lakini hakuna aliyechagua, na hakukuwa na usawa: wenye mlango wa nyuma walipata, wasio nao walisimama foleni. Ulanguzi ulinenepa, mpaka Waziri Mkuu Sokoine akawafuata wahujumu uchumi mwaka 1983, na hata hapo waliokamatwa hawakuwa wote wakubwa. Nani anataka kurudi huko? Si mimi.

Ndani ya zama zilezile, hata hivyo, kulikuwa na jambo ambalo tulilitupa pamoja na foleni. Mwalimu Nyerere, aliyesoma hapa Tabora kuanzia 1937 na akaja kufundisha St. Mary's baada ya Makerere, hakuwa mtu wa kutaka tuzalishe kidogo. Alitaka tuzalishe zaidi. Lakini Azimio la Arusha la 1967 lilikataa fedha iwe ndiyo msingi wa maendeleo, na likaweka masharti kwa viongozi: asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha, asiwe na hisa katika kampuni. Yaani aliyetakiwa kupunguza alianza kuwa wa juu. Azimio la Zanzibar la 1991 lililegeza masharti hayo. Tangu hapo, tukisema kubana matumizi, mnajua wenyewe huwa anabanwa nani.

Je, kupunguza kwa hiari kunawezekana? Jibu halipo mbali, lipo kwa jirani zetu wa Shinyanga, na Nzega na Igunga mnalijua pia. Kwa miongo mingi Usukuma ulifyekwa, kwanza kuua mbung'o, kisha kwa pamba, mpaka Mwalimu mwenyewe akasema pamegeuka jangwa. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Wataalamu walikuja na miche, lakini kilichofanya kazi kuliko vyote ni desturi ya zamani ya ngitili. Mvua zikianza, eneo linafungwa. Hata nyasi zikiwa zimefika kiunoni na ng'ombe wako wanalia, huingizi. Kiangazi kikikolea ndipo linafunguliwa, kwa sehemu, kwa zamu: ndama, maksai, ng'ombe dhaifu. Dagashida, yaani baraza la jadi la Wasukuma, inaweka sheria na kutoza faini. Kufikia miaka ya mwanzo ya 2000, ngitili zilifunika zaidi ya hekta 300,000, na miti iliyokuwa imesahaulika ikarudi bila kupandwa.

Mnaona tofauti na foleni ya sabuni. Anayefunga ndiye atakayekula. Kikomo kimewekwa na wanaokijua, na kinawekwa wakati wa neema, kabla ya njaa. Nako si peponi: wenye ng'ombe wengi walijimilikisha ngitili za binafsi, na asiye na eneo alibaki nje ya uzio. Kupunguza bila kuuliza nani ana nini kunamnenepesha aliyenacho, hata Shinyanga.

Na kwa wasioamini kuwa serikali yetu inaweza kuondoa kitu sokoni, nawakumbusha Juni 1, 2019. Mifuko ya plastiki ilikuwa kila mahali; wiki chache baadaye watu walikuwa na vikapu. Lalamiko lilikuwepo, kisha likaisha.

Sasa nieleze ninachokitaka, maana nimewapotezea muda wa kutosha. Mkulima halimi ekari ya tatu ya tumbaku kwa kupenda moshi. Anailima kwa sababu fedha taslimu inahitajika: mtoto amepangiwa shule, mke amelazwa hospitali ya Kitete, paa limevuja. Ukiondoa sababu moja ya kutafuta fedha, umeondoa sababu moja ya kufyeka. Ada ilipofutwa kuanzia Januari 2016 sababu moja ilipungua. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge Novemba 2023. Ikitekelezwa sawasawa katika wilaya za tumbaku, nyingine itapungua. Huko ndiko kupunguza ambako mama wa stendi hatanicheka: huduma ziongezeke, ulazima wa kuuza upungue. Na tuwadai waliotia saini pamoja nasi. Tanzania iliridhia mwaka 2007 Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku, ambao Ibara yake ya 17 inazitaka nchi zishirikiane kuwapatia wakulima wa tumbaku njia mbadala za kipato. Nchi za wavutaji zimefanikiwa kupunguza uvutaji kwao kwa kodi na makatazo. Fedha ya kumsaidia mkulima wa Ulyankulu aache ekari moja si msaada, ni deni la moshi walioufaidi.

Madiwani wa Urambo, Kaliua, Uyui na Sikonge mliomo humu ndani: katika bajeti ijayo andikeni ni kiasi gani cha mapato yenu kinatokana na ushuru wa tumbaku, na mwandike pembeni mtaishi vipi kikipungua kwa robo. Msingoje mnunuzi aondoke ndipo mfanye hesabu hiyo. Nanyi viongozi wa vyama vya msingi, mkutano mkuu ujao, kabla hamjafungua ajenda ya bei, fungueni ajenda ya ekari: kila mwanachama alime kwa kadiri ya kuni alizopanda mwenyewe, na mwenye mabani matano ndiye aanze kupunguza.